Dakika 24 za watoto kwenye kituo cha mkoa: kipindi kinachofundisha kinatengenezwaje?

Swali: Ninasimamia vipindi kwenye kituo kidogo cha televisheni mkoani, Tanzania. Tumepewa nusu saa kila Jumamosi kwa ajili ya kipindi cha elimu cha watoto. Tuna kamera mbili, chumba kimoja cha studio, mhariri mmoja na mwalimu wa shule ya msingi anayejitolea. Tumesharusha vipindi vinne: mwalimu anauliza, watoto wanajibu kwa pamoja, wanaimba, wanatuma salamu. Wazazi wanapenda, lakini meneja ameuliza watoto wanajifunza nini hasa, na hatukuwa na la kumjibu. Tuanzie wapi, na tuongeze vifaa gani?

Jibu: Vifaa viacheni kwanza. Kamera mbili na chumba kimoja vinatosha. Kinachokosekana hakiuzwi dukani: ni sentensi moja, iliyoandikwa kabla ya kamera kuwashwa, inayosema mtoto wa umri fulani ataweza kufanya nini akimaliza kutazama. "Kumsaidia mtoto kupenda kusoma" si sentensi hiyo. "Mtoto wa miaka 6 akisikia neno la silabi tatu, alipigie makofi matatu, kofi moja kwa kila silabi" ndiyo. Hiyo ya pili unaweza kuipima kwa dakika mbili na mtoto yeyote barazani. Ile ya kwanza hupimi hata kwa mwaka mzima.

Wenzetu Marekani waligundua hili kwa njia ndefu. Sheria yao ya mwaka 1990 iliwataka wenye vituo waonyeshe vipindi vya kuelimisha watoto, na baadhi ya vituo vikaandika kwenye taarifa zao kwamba katuni za zamani za kuchekesha zilizokuwa zikirushwa siku zote nazo ni elimu. Mwaka 1996 mamlaka yao ya mawasiliano, FCC, ikaweka kipimo cha saa 3 kwa wiki, na pamoja na kipimo hicho ikataka lengo la elimu na umri wa mtoto anayelengwa viandikwe. Saa bila lengo lililoandikwa hujazwa na chochote kilichopo kabatini.

Muundo mliouanza nao una tatizo linalojificha ndani ya kelele zake. Mwalimu akiuliza na watoto kumi na watano wakajibu kwa pamoja, watatu wanajua na wengine wanadandia silabi ya pili. Kipaza sauti hakiwatofautishi. Na mtoto aliye nyumbani anasikia jibu limeshatoka kabla hajafikiri, kwa hiyo anachojifunza ni kwamba maswali ya televisheni hayamhusu. Salamu nazo ziondoeni kabisa. Zikiruhusiwa dakika moja zinakula tano, na hakuna mtoto aliyewahi kujua kutoa na kujumlisha kwa kusikia mwenzake akimsalimia mjomba wake.

Chagueni umri mmoja: miaka 3 hadi 5, 6 hadi 8, au 9 hadi 12. Kipindi cha "watoto wote" humchosha mkubwa na kumpita mdogo. Kwa kuwa mna mwalimu wa msingi, chukueni 6 hadi 8, yaani darasa la kwanza na la pili, ambako shule zenyewe zinahangaika na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala msiubuni, mihtasari ya Taasisi ya Elimu Tanzania imeshapanga umahiri kwa mfuatano. Chagueni 13, mmoja kwa kila wiki ya robo mwaka, na kila mmoja muugeuze kuwa sentensi ya aina ile ya makofi matatu. Kazi kubwa ya mwalimu wenu iwe hapo, mezani, na baadaye kusoma kila mswada na kuukataa pale unapopotosha. Mbele ya kamera si lazima awepo. Shule zilipofungwa mwaka 2020 na masomo kuhamia hewani, tuliona wazi kwamba darasa lililowekewa kamera bado ni darasa: mwalimu anageukia ubao, anaandika huku ametupa mgongo, na mtoto hana cha kutazama wala cha kufanya.

Sasa dakika zenyewe. Nusu saa ya ratiba si nusu saa ya kipindi. Ukitoa matangazo na vitambulisho vya kituo, andikeni kwa dakika 24. Mgawanyo wa kuanzia nao: wimbo wa kufungua sekunde 30; mtangazaji analeta tatizo dakika 1 na nusu; hadithi sehemu ya kwanza dakika 4; wimbo wa somo dakika 2; maonyesho ya vitendo mezani dakika 4. Hapo ni dakika ya 12, katikati kabisa, pakae mapumziko ya matangazo. Mkirudi: watoto wakitumia somo lilelile nje ya studio, sokoni au nyumbani, dakika 3, hadithi sehemu ya pili dakika 4, mchezo wa maswali dakika 3, wimbo wa somo tena dakika 1 na nusu, kufunga sekunde 30. Vipande vibadilike sura, somo libaki lilelile kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkiingiza herufi mpya, kunawa mikono na bendera ya taifa ndani ya dakika 24 hizo hizo, mtoto atabaki na wimbo tu.

Mtahofu kwamba kurudia kutachosha. Kutawachosha ninyi. Mwaka 1996 kituo cha Nickelodeon cha Marekani kilianza kurusha Blue's Clues, kipindi cha watoto wa chekechea, kwa utaratibu wa kuonyesha toleo moja siku tano mfululizo. Watafiti waliofuatilia walikuta kadiri toleo lilivyorudiwa ndivyo watoto walivyozidi kuijibu televisheni kwa sauti na kuelewa zaidi. Kwenu, kwa wenye nusu saa moja, maana yake ni hii: toleo la Jumamosi lirudiwe katikati ya wiki, na baada ya wiki 13 mzunguko wote urudi upya kabla hamjatengeneza mwingine.

Kipindi hicho hicho kilijengwa juu ya jambo jingine ambalo halina gharama na ambalo wahariri wetu hulikata kila mara: ukimya. Mtangazaji akiuliza, atazame lenzi, si watoto wa studio, kisha anyamaze sekunde 4 hadi 5. Kwa mtu mzima aliye kwenye chumba cha kuhariri, sekunde 5 za mtu anayetazama tu zinaonekana ni kosa la mpiga picha. Kwa mtoto wa miaka 6 ndio muda wa kusikia swali, kutafuta jibu, kuogopa kidogo, na kulisema. Mhariri aandikiwe kwenye mswada: "USIKATE, SEKUNDE 5". Muziki wa chini nao uzimwe hapo, kwa sababu ukiendelea kulia mtoto hudhani kipindi kimeshasonga mbele. Baada ya ukimya mtangazaji alitaje jibu lote, asiseme tu "vizuri sana!", kwa kuwa yule aliyekosa hataweza kujua vizuri ni kipi.

Hadithi na somo lazima vishikane. Mtafiti Shalom Fisch alieleza mwaka 2000 kwamba akili ya mtoto anayetazama ina nafasi ndogo, na hadithi na somo hugombea nafasi hiyo hiyo. Somo likikaa pembeni ya hadithi, hadithi hushinda. Tuseme lengo la wiki ni makumi na mamoja. Mswada mbaya: paka amepotea, watoto wanamtafuta, njiani mtangazaji anawasimamisha wahesabu vijiti, halafu wanaendelea kumtafuta paka. Mtoto atakumbuka paka. Mswada mzuri: Bibi ameagizwa maandazi 34 ya shughuli, kila sinia linabeba 10, na kijana wa bodaboda anauliza abebe masinia mangapi. Jibu lisipopatikana maandazi hayatoki nyumbani. Sinia tatu zinajaa, manne yanabaki mezani, na kamera inakaa juu ya meza ikitazama chini mpaka mtoto aone mwenyewe kwamba 34 ni sinia tatu na maandazi manne. Katika kuhesabu huko, kidole kiguse andazi na namba itamkwe kwa wakati mmoja. Mhariri akikata picha katikati ya "ishirini na..." amevunja somo.

Angalizo moja kwa hadithi za tabia njema: mkionyesha watoto wakigombana dakika 3 na kupatana sekunde 20, mtazamaji mdogo ataondoka na ugomvi, maana ndio uliochukua muda na ndio uliokuwa na msisimko. Mgawanyo huo wa muda ugeuzwe.

Kwenye vipindi vya kusoma, makosa mengi hutoka kinywani mwa mtangazaji. Mtoto anahitaji sauti ya herufi, si jina lake. Herufi m isikike kama midomo iliyofungwa ikivuma, isiwe "em". Herufi b, d na k haziwezi kuvutwa. Zitamkwe fupi na kuunganishwa haraka na irabu: b, a, ba. Kisha ba, be, bi, bo, bu ziingie kwenye maneno ambayo mtoto anayajua: baba, babu, bibi. Herufi mbili zinazotoa sauti moja, kama sh, ch, dh, ny na ng', zipewe kila jozi kipindi chake, na ng' ya ng'ombe isiwekwe wiki moja na ng ya ngoma. Mtangazaji anayechanganya r na l, au anayesema "zambi" badala ya "dhambi", anaweza kufaa sana kwa kipindi cha kilimo. Hapa hafai, hata awe kipenzi cha watu namna gani.

Kama mna fundi wa kushona, tengenezeni kikaragosi kimoja cha sponji cha kuvaa mkononi. Si pambo. Kikaragosi hufungua mdomo mara moja kwa kila silabi: ki, ka, pu, mara tatu, na mtoto anaona kwa macho kile anachotakiwa kukisikia. Anayekishika lazima afanye mazoezi mbele ya kioo, kwa sababu kosa la kila anayeanza ni kufunga mdomo kwenye silabi badala ya kuufungua, au kuuacha wazi muda wote huku maneno yakipita. Macho ya kikaragosi yatazame kidogo chini ya usawa wa kamera. Yakitazama dari, anaonekana hamsikilizi mtu.

Kwenye skrini, neno la kusomwa liwe na kimo kisichopungua sehemu moja ya kumi ya skrini, herufi ndogo, si kubwa zote, na a iwe ile ya duara na kijiti ambayo mwalimu huiandika ubaoni. Wekeni maneno ndani ya asilimia 90 ya katikati, maana televisheni nyingi za zamani hukata kingo. Halafu kuna ukanda wa habari unaopita chini. Hili liandikieni barua kama inabidi. Ukanda huo hufunika mstari wa chini wa maneno, na mbaya zaidi ni kitu pekee kwenye skrini kinachosogea wakati mtoto anatakiwa kutazama herufi iliyotulia, kwa hiyo macho yake huufuata huo, na yeye wala hajui kuusoma. Fundi wa chumba cha kurushia matangazo awe na maagizo ya kuuondoa kipindi kinapoanza na kuurudisha kinapokwisha. Mwako wa mwanga usizidi mara 3 kwa sekunde. Mwezi Desemba 1997 huko Japani mamia ya watoto walipelekwa hospitali baada ya katuni moja kuonyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kwa kasi.

Picha yenu itakuwa sawa mkirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, ya sekunde 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, na shata ya 1/60 chini ya taa za bei rahisi huleta michirizi inayotambaa juu ya ukuta. Kamera moja ikae usawa wa kifua cha mtangazaji kwa ajili ya kutazamana na mtoto, ya pili iwe juu ya meza ikitazama chini. Hiyo ya pili ndiyo inayofundisha.

Hela mkiwa nazo kidogo, ziende kwenye sauti. Mtoto huvumilia picha yenye giza. Maneno yasiyosikika humfukuza mara moja, na anayejifunza kusoma hawezi kukisia sauti ambayo haikumfikia. Chumba cha matofali na dari ngumu kina mwangwi. Tundikeni mablanketi mazito kuta mbili zinazopakana, wekeni zulia, na godoro lisimame nyuma ya kamera. Maiki ya kubana nguoni kwa mtangazaji. Kwa watoto tumieni maiki ya kijiti juu ya vichwa vyao, nje kidogo ya picha, kwani mtoto aliyebanwa maiki ataichezea mpaka nguo ikwaruze. Vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli -12, msirekodi mvua ikipiga bati wala jenereta likiunguruma chini ya dirisha, na kabla ya kuzima kila kitu rekodini sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, mhariri atazihitaji kuziba mapengo. Muziki chini ya maneno uwe desibeli 15 hadi 20 chini ya sauti ya mtu. Kosa la kawaida ni wimbo kulia juu kuliko mazungumzo: mzazi anapunguza sauti wakati wa wimbo, na haongezi tena. Pimeni kipindi chote kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. -23 ndicho kiwango kinachotumika Ulaya, lakini muhimu zaidi ni kwamba nyimbo na mazungumzo vikae karibu.

Watoto wa kurekodi msiwatoe kwenye shule moja ya kulipia na familia za wafanyakazi, kama inavyotokea mambo yakiachwa yajipange yenyewe. Wala msitafute wanaojua. Mtoto anayesita, anayekosea, anayejisahihisha akielezwa, ana faida kubwa kwa mtazamaji kuliko bingwa wa kughani, kwa sababu anaonyesha jinsi jibu linavyotafutwa. Wanne wanatosha. Kila baada ya dakika 45 wapumzike 10, wale, wanywe maji; baada ya saa 3 hata mtoto mchangamfu hana kitu. Mzazi au mlezi asaini ridhaa inayotaja kipindi, marudio na mitandaoni, kila kimoja kwa jina lake, na awepo studio. Msitaje jina kamili, mtaa wala shule, na sare yenye nembo ifunikwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zote zinagusa kazi hii, kwa hiyo fomu yenu isomwe na mwanasheria mara moja kabla ya mzunguko kuanza.

Sasa swali la meneja. Linajibika, tena kwa vitu mlivyonavyo.

Watengenezaji wa Sesame Street, kabla kipindi hicho hakijaanza Novemba 1969, walikuwa na mtafiti aitwaye Edward Palmer aliyeweka kando ya televisheni mashine ya picha iliyobadilisha picha kila sekunde 7.5. Mtoto alikaa akiwa na vitu viwili vya kutazama, na mtu akaandika macho yake yako wapi. Ninyi tumieni tableti au kompyuta mpakato yenye picha za wanyama, magari na vyakula, zikibadilika kila sekunde 8, imekaa kando ya televisheni upande mmoja kidogo. Mtoto mmoja kwa wakati. Wawili wakikaa pamoja hutazamana. Mtazamaji wenu akae pembeni na karatasi yenye visanduku 180, ambavyo ndivyo vipande vya sekunde 8 ndani ya dakika 24, na kila picha inapobadilika aweke alama ikiwa mtoto anatazama kipindi, au mkwaju ikiwa hatazami. Fanyeni hivyo kwa watoto 8 hadi 10 wa umri mliouchagua, wasio ndugu wa wafanyakazi. Jumlisheni kwa kila kisanduku, chorini mstari. Mahali ambapo zaidi ya nusu wameacha kutazama, fungueni mswada muone kulikuwa na nini. Mara nyingi mtakuta mambo matatu: mtu mzima akizungumza na mtu mzima mwenzake, maelezo bila kitu cha kuona, au utani ambao mtoto hajui historia yake.

Fanyeni jaribio hili na rasimu, kabla ya kupamba. Hata picha zilizochorwa kwa mkono na sauti ya simu zinatosha, na kubadilisha mswada wakati huo ni kazi ya jioni moja, wakati kurekodi upya ni wiki.

Ila kutazama si kujifunza. Watoto hutazama mieleka pia. Kwa hiyo andaeni kazi 5 fupi zinazotoka moja kwa moja kwenye sentensi ya lengo: maneno matano ya kupigia makofi, au mafungu matano ya vijiti ya kupanga kwa makumi. Watoto 20 wazifanye, kila mmoja peke yake, kabla ya kutazama. Kumi, waliochaguliwa kwa kura, watazame toleo la wiki. Kumi watazame toleo jingine lenye somo tofauti. Kesho yake wote wazifanye tena, zikiwa na maneno au idadi nyingine. Kundi la pili linahitajika kwa sababu watoto huongeza alama kwa kuzoea tu mtihani, na bila kundi hilo mtajisifu kwa kitu ambacho hamkukifanya. Kazi kwa vitendo, si "umeelewa?", mtoto wa Kitanzania aliyelelewa vizuri akiulizwa na mgeni kama ameelewa, atasema ndiyo kwa adabu. Kumi kwa kumi ni wachache mno kudai ushahidi wa kitaalamu, lakini kama makundi yote mawili yamepanda sawa, toleo hilo lina kasoro na mnajua ni lipi.

Ratiba: Jumamosi asubuhi mchunguze madrasa, hasa kama mko pwani, na Jumapili ibada. Saa 11 jioni ni salama zaidi kuliko asubuhi katika miji mingi, mradi msiusogelee muda wa taarifa ya habari, ambao rimoti ni ya wakubwa. Kipindi kisihamishwe kwa ajili ya mpira. Kama kituo hakiwezi kuahidi hivyo kwa Jumamosi, ombeni siku nyingine mapema. Umeme hukatika, na hiyo nayo ni sababu ya marudio ya katikati ya wiki.

Mdhamini atakuja, wa sabuni au wa biskuti, na atataka mtangazaji ainue pakiti. Kataeni. Mtoto wa miaka 6 hajajua kutenganisha anayemfundisha na anayemuuzia, na mkishachanganya sura hizo mbili hata namba mnazofundisha zitasikika kama tangazo. Mpeni jina lake mwanzoni na mwishoni, na matangazo yake ndani ya mapumziko yale ya dakika ya 12, kukiwa na kadi ya sekunde 5 inayosema kipindi kimesimama na nyingine inayosema kimerudi. Maandazi ya Bibi yasigeuke kuwa biskuti zake.

Mkishindwa kujaza wiki zote 13, msipakue katuni mtandaoni na kuziwekea sauti ya Kiswahili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawahusu hata kama katuni ilikuwa wazi kwa kila mtu kutazama. Andikieni wenye kazi. Ubongo, shirika la Dar es Salaam ambalo Ubongo Kids yake ilianza kuonekana TBC1 mwaka 2014 na sasa inarushwa nchi nyingi za Afrika, ni mahali pa kwanza pa kuuliza masharti. Nyimbo za michezo za asili mkizitumia, ziimbeni na kuzirekodi wenyewe, maana rekodi ya mtu mwingine ya wimbo wa asili ni mali ya aliyeirekodi.

Jambo la mwisho ni la mhariri. Kila toleo litunzwe kwa nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, na kando yake litunzwe toleo safi: halina maneno ya skrini, halina nembo, na sauti ya watu imetengwa na muziki. Inachukua nusu saa zaidi siku ya kuhariri. Bila hiyo, siku mwalimu atakapogundua neno limeandikwa vibaya kwenye toleo la 6, itabidi mlirekodi upya au mliache na kosa lake litembee kila mzunguko.